Programu ya kusanifu barabara ya kilomita 12: Civil 3D au OpenRoads Designer, ipi inatufaa?

Changarawe_Lami (mleta mada)
Wakuu, habari za kazi. Tunasanifu barabara ya km 12 inayopandishwa kutoka changarawe kwenda lami: njia mbili, kona kali za nusukipenyo cha mita 60 hadi 150, makalavati kama 20, makutano manne. Upimaji umekuja kwa viwianishi vya Arc 1960 (mfumo wa zamani wa ramani wa Afrika Mashariki), gridi ya UTM zoni 37 Kusini. Timu ni watu watatu. Leseni tutalipia moja tu. Ipi haitatuangusha kwenye kona na kwenye hesabu ya udongo?

Kalavati900
Mkuu, kwa kazi hiyo Civil 3D inatosha kabisa. Shida za kona nyingi hutoka kwenye asembli (mkato wa barabara unaorudiwa njia nzima), programu husingiziwa bure. Ukiweka kipande cha njia kiitwacho BasicLane, njia itabaki na mwinamo uleule hata kama umeshakokotoa mwinamo wa kona (superelevation, yaani barabara kuinamia ndani ya kona), na hutaona onyo lolote. Weka LaneSuperelevationAOR, kisha hakikisha kipengele cha Use Superelevation hakijabaki None, na upande wa kushoto umepewa njia ya kushoto.

Jambo la pili ni vigezo. Mafaili yanayokuja na programu yanafuata viwango vya Marekani vya AASHTO. Kama mradi unafuata mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa jiometri ya barabara wa 2011, fungua Design Criteria Editor, nakili faili la AASHTO, ubadilishe majedwali ya nusukipenyo na mwinamo, ndipo uliunganishe na mhimili (mstari wa katikati ya barabara). Ukiruka hatua hii, programu itakukubalia kona ambayo mkaguzi ataikataa.

Dira_na_Level
Kabla ya kubishania programu, kagueni viwianishi. Arc 1960 na WGS 84 (mfumo wa GPS) zinapishana karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini-kusini. Picha ya satelaiti ikiwekwa chini ya upimaji bila kubadilishwa, barabara itaonekana imepita shambani kwa jirani. Msiisogeze kwa mkono! Upe mchoro msimbo EPSG:21037 (namba ya Arc 1960, UTM zoni 37 Kusini), picha ibaki na wake, programu ibadilishe yenyewe.

Halafu kuna kipimo cha gridi. Karibu na longitudo ya 39 Mashariki, UTM inafupisha umbali kwa 0.9996, yaani sm 40 kila kilomita. Kwa km 12 ni karibu mita 4.8. Kwenye bei ya lami si kitu kikubwa, ila anayepima kwa utepe toka cheneji (umbali toka mwanzo wa barabara) 0 hatafika pale mchoro unapoonyesha. Andikeni kwenye maelezo ya mchoro kwamba umbali ni wa gridi.

TempletiMoja
Mimi natetea OpenRoads, hasa kwa hayo makutano manne. Ukishajenga civil cell (kiolezo kinachorudiwa) moja ya makutano ya T, yenye mizunguko ya kingo na mwinamo wake, unaipachika kwenye makutano mengine kwa kuonyesha mihimili miwili tu, nayo inajirekebisha. Kwenye Civil 3D makutano yanakula muda kuliko kilomita tatu za barabara iliyonyooka.

Gharama yake iko mwanzoni: feature definition (kanuni za rangi na leya za mistari) na templeti (mkato wa barabara, kama asembli) lazima zipangwe vizuri kwenye DGNLIB (faili la maktaba), vinginevyo kila mstari unatoka na rangi na leya yake. Na wengi hukwama hapa: miteremko ya tuta haigusi ardhi kwa sababu uso wa ardhi haujawekwa kuwa hai. Bofya Set As Active Terrain Model, koridori (modeli ya 3D ya barabara) itajijenga upya.

Kalavati900
Hilo la makutano nakubali. Ila kwa watatu wenye leseni moja na mkandarasi anayetaka mafaili ya DWG (ya AutoCAD), bado nasema Civil 3D.

Kuhusu udongo, angalieni nafasi kati ya sehemu za koridori (pale mkato unapowekwa). Ikiachwa mita 25 kwenye kona ya nusukipenyo cha mita 60, mstari unakata kona na kuachana na mkunjo halisi kwa mita 1.3 katikati. Kwa mita 5 tofauti inashuka hadi sm 5. Nenda Corridor Properties, Parameters, weka mita 20 kwenye nyoofu na 5 kwenye kona, ongeza sehemu kila kwenye kalavati. Kisha upe uso wa koridori mpaka wa nje kwa Corridor Extents, la sivyo pembetatu zitaruka bondeni na ujazo utavimba.

Changarawe_Lami
Asanteni sana. Vipi zana za Civil 3D, Dynamo (ya kuendesha kazi zinazojirudia) na Grading Optimization (ya kusawazisha ardhi), vina faida kwetu?

TempletiMoja
Dynamo, iliyoingia toleo la 2020, inafaa: inasoma cheneji na vipenyo vya makalavati kutoka Excel na kuyapachika kwenye mhimili. Grading Optimization ni ya viwanja na maegesho. Kwa barabara ndefu iacheni.

Dira_na_Level
Na mkihamisha kazi kati ya programu hizi kwa LandXML (faili la kubadilishana data), uso wa ardhi, mhimili na profaili (mwinuko kwa urefu wa barabara) vitavuka. Asembli na templeti hazivuki. Baada ya kuhamisha, chagueni cheneji tano, mbili ziwe ndani ya kona, mlinganishe viwianishi na mwinuko wa profaili pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita chache, chunguzeni kwanza mkunjo wa mpito (unaounganisha nyoofu na kona).