Pete ya kuvaa kila siku: tanzanaiti, spineli au yakuti? Mwenzangu anaanika dagaa

KakaWaMwanga
Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma mjini, Mungu akijalia mwezi wa kumi na mbili navuta jiko na nataka pete yenye kito, sio ile dhahabu tupu ambayo kila mtu anayo. Sasa huyu mwenzangu kazi yake dagaa, alfajiri yupo mwaloni Kibirizi anapokea mzigo, anaanika, anageuza, anachekecha mchanga, akitoka hapo anaparua migebuka ya oda, yaani mikono yake haikai kavu. Na kashanambia kabisa pete hatovua maana akivua itaishia ziwani. Akili yangu ilikuwa kwenye tanzanaiti, jiwe letu na bluu anaipenda, ila kuna jamaa kanitisha eti ni laini. Laini kivipi wakati ni jiwe? Bajeti milioni na nusu, pete na jiwe humo humo. Nisaidieni kabla sijatupa hela.

Dogo_Katonga
Tanzanaiti mzee, unauliza nini tena. Dunia nzima inatoka Mirerani tu, wenzetu huko nje wanaililia halafu wewe unasita. Uzalendo kwanza 😂

BintiIsevya
Dogo usimponze mwenzio. Mimi nipo Tabora na pete ya tanzanaiti ninayo, nilipewa na mume wangu tulipooana, ilikuwa ukiigeuza huku bluu ukiigeuza huku zambarau, watu wananishika mkono sokoni waione. Nimeivaa kama miaka miwili hivi bila kuvua, na mnajua mchanga wa Tabora ulivyo, unafagia asubuhi saa nne umerudi. Basi jiwe likaanza kufifia, mimi nikawa nalisugua na kanga nikijua ni uchafu, kumbe kila nikisugua ndo nazidi kuliua. Sasa hivi juu limekuwa kama kioo cha simu ya mtoto. Halafu siku nikagonga kwenye mchi natwanga kisamvu, likameguka kona. Fundi niliyempelekea aongeze saizi naye akalipiga moto jiwe likiwa humo humo, ukatokea ufa kati. Naipenda bado, ila naivaa harusini tu na Idi, imekaa kwenye kikopo.

FundiPete
Dada Isevya pole sana, huyo fundi alikukosea, tanzanaiti inatolewa kwanza ndo unawasha moto, ile haivumilii joto la ghafla.

Kaka Mwanga ngoja nikueleweshe maana hapa watu wengi wanachanganya. Kuna kuchubuka na kuna kupasuka, ni vitu viwili. Kuchubuka kuna kipimo chake alikipanga Mjerumani mmoja Friedrich Mohs mwaka 1812, kinaanza 1 mpaka 10, jiwe la juu linamkwaruza wa chini yake. Almasi 10. Yakuti 9, iwe nyekundu au ya bluu ni jiwe moja tu rangi ndo tofauti. Spineli 8, topazi 8, zumaridi 7 na nusu kwenda 8. Tanzanaiti ipo 6 na kitu, haifiki 7. Sasa kwanini hiyo 7 ni muhimu, kwa sababu mchanga wenyewe, huu wa Kibirizi na huo wa Tabora, sehemu kubwa ni madini yanaitwa kwazi na kwazi ni 7. Vumbi lililotua kwenye kabati lako humo ndani kuna kwazi. Kwahiyo jiwe la chini ya 7 kila siku linapigwa msasa taratibu, hamna ujanja, na dada hapo juu kanga yake ilikuwa ndo msasa wenyewe.

Kupasuka ni habari nyingine. Kuna mawe yana njia zake ndani, kama kuni yenye uzi, ukiligonga upande huo linaachana. Tanzanaiti ina njia moja hiyo, topazi nayo moja, ndo maana topazi pamoja na 8 yake mimi siipendi kwenye pete ya kazi. Hata almasi inazo, nne, nyundo inaipasua msidanganywe na hadithi za vijiweni. Yakuti na spineli hazina hiyo njia. Kwa mikono ya shemeji hayo mawili ndo ningeangalia, mengine yote ni maneno.

Mzee_Ujiji
Vijana salaam. Mbona almasi mnaipita kama daladala imejaa? Mgodi wa almasi wa Mwadui upo hapo Shinyanga, Williamson yule mjiolojia wa Kanada kaugundua 1940, na ile almasi ya waridi aliyopewa Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 alipoolewa ilitoka hapo hapo. Nchi yenye historia hiyo mtu unaenda kununua yakuti!

FundiPete
Shikamoo mzee. Almasi sina ugomvi nayo ila kwa bajeti yake atapata kapunje, shemeji atakuwa anaitafuta na tochi. Na kuna kitu kingine watu hawakijui, almasi inashika mafuta kuliko mawe mengine, mpaka migodini wamewahi kutumia meza zilizopakwa grisi ili kuinasa, maji yanapita na kokoto almasi inabaki imeganda. Sasa fikiria mikono ya dagaa na mawese ya Kigoma. Jioni inakuwa kama kipande cha sabuni. Ikioshwa inarudi, maji ya vuguvugu na mswaki laini, lakini ni kila siku sasa.

Mzee_Ujiji
Marahaba. Hapo kwenye mawese umenishika 😄

NesiUrambo
Mi nachangia kidogo tu. Nina spineli ya Mahenge, ile ya pinki inayokaribia wekundu, nimepata kupitia binamu yangu aliyepo Morogoro. Kazini nanawa mikono siku nzima, sabuni, sanitaiza, glavu vaa vua, mwaka wa nne huu na jiwe lipo vile vile. Nilichokipenda zaidi spineli nyingi haziguswi na moto wala mafuta, rangi unayoiona ndo aliyoiumba Mungu. Zumaridi achana nayo kabisa kwa kazi ya maji, zile nyufa zake huwa wanazijaza mafuta, ukiosha osha na maji moto yanatoka nyufa zinaonekana. Shoga yangu alilia.

Ila spineli ya bluu nzuri kuipata ni shughuli, pinki na nyekundu ndo nimeona mara nyingi.

Dogo_Katonga
Ok nimesalimu amri kwa tanzanaiti. Vipi moisanaiti? Naona mtandaoni zinauzwa bei ya kuku na zinawaka kuliko almasi

FundiPete
Moisanaiti ni ngumu, 9 na robo, kwa uimara sina neno. Inatengenezwa kiwandani, na inatoa rangi rangi kama diski za zamani za miziki, wengine wanapenda wengine wanasema inapiga kelele. Shida yangu ni moja tu, kuna watu wanaziuza kama almasi, na vile vipimo vidogo vya mkononi vinavyopima joto la jiwe vingi haviwezi kuitofautisha, vinalia almasi. Ukinunua kama moisanaiti kwa bei ya moisanaiti, sawa kabisa, hujaibiwa.

KakaWaMwanga
Aisee mmenifungua macho, nilikuwa naenda kuumia. Kwahiyo naelekea yakuti ya bluu. Fundi inapatikana wapi na nisiingizwe mjini vipi? Manake kuna mtu ananitumia picha za yakuti nyekundu kubwaa kama kunde bei chee

FundiPete
Hiyo nyekundu kubwa bei chee ikimbie. Zipo yakuti nyekundu za kupasuka pasuka wanazijaza kioo chenye madini ya risasi, kwa macho ni malaika. Ila huo wa ndani ni kioo, na asidi inakila. Ndimu tu! Shemeji akikamulia ndimu migebuka wiki moja utaona mistari myeupe juu ya jiwe. Na moto wa fundi ukiigusa ndo kwaheri.

Ya bluu, Tunduru huko Ruvuma zinatoka, na bonde la Umba kule Tanga. Zilizochomwa moto ili rangi ikae vizuri ni nyingi na hilo sio kosa, rangi haitoki, muhimu akwambie. Ipo pia yakuti ya maabara, imeanza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ugumu ni ule ule 9 kwa sababu ni kitu kile kile, bei ndo ipo chini sana. Mimi siidharau, kama hela inabana weka ya maabara halafu hela nyingine weka kwenye dhahabu. Ya asili nunua kwenye soko la madini kwa broka mwenye leseni, upewe risiti, na kama una wasiwasi Arusha kipo Kituo cha Jemolojia, wanapima.

Halafu jamani mnasahau jiwe linakaa juu ya nini. Hapo ndo pete nyingi zinakufa. Usiweke vile vikucha vinne vya kushikilia jiwe kwa juu, vinanasa kwenye nyuzi, vinafunguka, siku moja jiwe halipo na hujui lilidondokea wapi. Mwambie fundi alizungushie ukingo mzima wa dhahabu, jiwe likae chini limezama kidogo, linapoteza kung'aa kidogo ila likigongwa ukingo ndo unapokea. Dhahabu karati 18, yaani robo tatu dhahabu robo iliyobaki shaba na fedha, ndo inaipa ugumu. 22 ni laini kwa kazi yake.

BintiIsevya
Hilo la ukingo ningelijua mapema kile kikona changu kingekuwepo 😭

KakaWaMwanga
Basi jana nikamchokoza kiujanja, nikamwambia dada yangu anataka kununua pete je angemshauri jiwe gani. Mnajua kajibu nini? Kasema "lolote, ila lisinase kwenye wavu wa dagaa." Nimecheka peke yangu mpaka akaniuliza nina nini. Kwahiyo yakuti ya Tunduru ndogo, ukingo mzima, karati 18, ikizidi bajeti jiwe liwe la maabara na nitamwambia ukweli. Saizi nimeshapima na uzi akiwa amesinzia kwenye basi.

FundiPete
Uzi unavutika kaka, utapata pete ya mtoto. Tumia kikaratasi, na upime jioni akitoka ziwani, asubuhi vidole vya baridi vinakuwa vyembamba.

KakaWaMwanga
Jioni haniachii mkono, ananuka dagaa anaona aibu. Nitajaribu Jumapili.