Land Rover 109 ya 1967: alama za kiwandani nizirudishe vipi?

Kizota109 ameuliza:

Mbukwenyi wakuu. Nina Land Rover 109 Series IIA ya 1967, injini ya petroli, zile ambazo taa za mbele bado zimo katikati kwenye wavu, hazijahamia kwenye mashavu. Ilikuwa ya baba mkubwa kule Mpwapwa. Amebebea karanga, mahindi, wagonjwa, maharusi, mpaka ilipozima akaiingiza bandani. Sasa iko gereji hapa Kizota, imefunguliwa yote, imebaki chasisi.

Fundi alipotoa sakafu na boksi la viti, nikaanza kuona maandishi. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, upande wa ndani, kuna 47 ya krayoni ya bluu. Imeandikwa kwa haraka, mguu wa saba umeburuzwa hadi karibu na tundu la nyaya. Nati za propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, pale inapofungwa kwenye difu ya nyuma, zina mstari wa rangi ya njano unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye flenji, lile bapa la chuma ambapo nati hukazwa. Juu ya gia boksi kuna X kubwa nyeupe.

Fundi wangu ni mtu makini sana kwenye bodi, lakini haya kwake ni uchafu. Anataka kupitisha brashi ya waya na tina, kisha praima. Nimemwomba asubiri. Nataka gari hili lirudi lilivyokuwa siku ya kwanza, hata pale ambapo hakuna abiria atakayeinama kuangalia. Hizi alama ni za kiwandani kweli? Na nikishapaka rangi nazirudisha vipi?

MstaafuSingida amejibu:

Kijana wangu, umefanya jambo kubwa kumzuia. Gereji nyingi nilizopitia alama hizi huisha siku ya kwanza ya kuosha, na zikishafutika hakuna wa kukuambia zilikaaje.

Kiwandani gari hupita kwa watu wengi. Aliyekaza nati kwa kipimo hupiga mstari wa rangi ili wa mbele yake ajue hapo pamekwisha. Namba ya krayoni hutumika kuonyesha bodi hii inakwenda na oda ipi. Vifaa vinavyofanana kwa macho navyo huwekewa michirizi ya rangi. Chukulia springi za mbele za gari lako: ya upande wa dereva imekunjwa zaidi kuliko ya abiria, lakini zikiwa chini sakafuni unaweza kuzibadilisha bila kujua.

Kwanza piga picha, rula ikiwa kando ya alama, na tochi uimulike kwa ubavu, maana krayoni iliyofifia huonekana kwa mwanga wa pembeni. Kisha weka nailoni angavu juu yake uinakili kwa kalamu, ukubwa uleule. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi, kavu. Petroli, mafuta ya taa na tina visiguse hapo kabisa: krayoni ni nta, itayeyuka ukiiangalia.

Kuhusu kurudisha, ushauri wangu ni huu. Kama ukuta huo haujala kutu, na kwa ukavu wa Dodoma nadhani haujala, usipake rangi sehemu hiyo. 47 ya asili, hata ikiwa imepauka, inaishinda yoyote utakayoiga. Mstari wa nati ni habari nyingine. Kaza kwanza kwa kipimo, ndipo uchore, kwa rangi ya mafuta isiyong'aa na brashi ndogo, mkupuo mmoja. Usiunyooshe, usiurudie. Yule mtu hakuwa anachora picha, alikuwa na gari lingine linamsubiri. Na mstari huo utakufaa barabarani: ukikuta wa kwenye nati umeachana na wa kwenye flenji, nati imelegea.

DadaSpeaMajengo amejibu:

Shikamoo mzee Singida. Naongezea kuhusu ile X. Mimi nauza spea za mtumba, na gia boksi zinazotoka nje zinakuja zimeandikwa hivyohivyo kwa kalamu ya rangi, wenye yadi za magari chakavu ndio wanaoandika. Kaka, angalia X imekaa juu ya nini. Alama ya kiwandani huwa chini ya uchafu, grisi ya miaka imeifunika. Ukiona rangi imepita juu ya grisi kavu, juu ya mkwaruzo au juu ya kutu, hiyo imekuja baadaye.

Kizota109:

Shukrani nyingi kwa mzee, na asante dada. Nimeangalia. X imepita juu ya doa la oili na juu ya mkwaruzo. Mstari wa njano niliufukua chini ya tope la grisi. Jambo jingine: namba ya chasisi, ile iliyogongwa mbele kulia kwenye mkono wa springi, inaanza na 253. Ina maana yoyote?

MstaafuSingida:

Ina maana kubwa. Kwa 109 za petroli za IIA zenye usukani kulia, 252 ziliundwa Solihull, Uingereza, zikauzwa nje zikiwa kamili. 253 zilisafirishwa vipandevipande kwenye makasha, zikaunganishwa huko zilikopelekwa. Kwa hiyo aliyeandika 47 huenda hakuwahi kufika Solihull. Usije ukachukua picha za gari la Mwingereza ukanakili alama zake kwenye lako. Iga gari lako lenyewe, na mahali ulipokuta patupu paache patupu.

Kizota109:

Nimeelewa, mzee wangu. Fundi nimemsomea majibu yote na amekubali. Sehemu ya 47 tumeifunika kwa karatasi na utepe wa kubandika, ataizunguka na rangi. X inafutwa. Propela inafungwa Jumamosi, rangi ya njano nimeshachanganya kulingana na kipande kilichobanduka kwenye nati. Nitaweka picha.