Mkia wa ngogo umepungua: ameumwa au unaoza?

Swali
Habari zenu, ndugu. Ninafuga ngogo (samaki wa jamii ya kambare) wa madoa wa Ziwa Tanganyika katika tangi la lita 200, pamoja na samaki wengine wa ziwa hilo. Ncha ya juu ya mkia wake imepungua na ukingo una weupe hafifu, ingawa usiku anakula vizuri. Je, nimtie dawa?

Jibu la kwanza
Mmulike kwa tochi kabla ya kununua chochote. Pengo lenye ukingo safi kwa kawaida ni la kuumwa, hasa ngogo wanapogombea pango, nalo hujifunga lenyewe maji yakiwa safi. Lakini weupe au wekundu unaosogea kuelekea shina la mkia ni dalili ya kuoza kunakoletwa na bakteria. Pima amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki: zote ziwe sifuri.

Jibu la pili
Ngogo hana magamba, hivyo dawa zenye shaba au fomalini humdhuru upesi. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, yakiwa yameondolewa klorini. Uozo ukiendelea, mtibu katika tangi la pembeni, kwa kuwa dawa ya bakteria inaweza kuua pia bakteria wazuri wa kichujio, wanaoondoa sumu hizo majini.

Muulizaji
Ahsanteni. Nitriti imeonekana, na ukingo una wekundu. Naanza na maji leo.

Jibu la kwanza
Ukimhamisha, tumia bakuli badala ya wavu, kwani miiba ya mapezi yake hunasa kwenye nyuzi.