Morris Minor inazunguka haiwaki, plagi hazina moto

MwanaTibirinzi
Assalamu alaykum wataalamu. Nipo Chake, Pemba, nina Morris Minor 1000 ya marehemu babu, injini ya cc 1098. Ilikaa chini ya mwembe masika yote. Betri nzuri, stata inazungusha kwa nguvu. Ukifungua swichi unaisikia pampu ya petroli inagonga kisha inanyamaza, na kwenye kabureta petroli ipo. Lakini ukitoa plagi ukaigusisha kwenye injini, moto hakuna hata wa kubahatisha. Fundi kashabadilisha koili na pointi, hali ile ile. Sasa anataka niagize distributa nzima Dar. Kabla sijatuma pesa, naanzia wapi?

KijanaWaKwerekwe
Ng'oa injini hiyo weka ya Toyota Starlet, upumzike.

MzeeWaKikwajuni
Wa alaykumu salaam mwanangu. Huyo wa Starlet msamehe, na pesa usitume.

Pampu ikigonga ujue swichi ya funguo ni nzima, kwa sababu pampu na koili ya gari hiyo zinakula umeme wa waya mmoja, ule mweupe. Ubovu uko mbele ya hapo. Tafuta taa ya testa, fungua kofia ya distributa uzione pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Ncha moja ya testa weka kwenye ethi, yaani chuma cha bodi au injini, nyengine kwenye mguu wa koili unaokwenda kwenye distributa. Koili za zamani umeandikwa CB, mpya kwa gari yako ni ule wa +. Fungua swichi, zungusha injini taratibu kwa hendeli. Pointi zikiachana taa iwake, zikigusana izime.

Ikikataa kabisa kuwaka, kuna kitu kinagusa ethi: kondensa imekufa, au fundi kapanga vibaya zile washa (vipete) za plastiki za pointi. Hilo la washa nimekutana nalo mara nyingi kuliko koili mbovu. Ikiwaka moja kwa moja, umeme haupiti kwenye pointi. Zifute kwa kadi ngumu yenye petroli kidogo, maana hata mpya huja na mafuta ya kuhifadhia, kisha pima nafasi, inchi 0.015.

Na jengine: Minor ethi yake ni upande wa + wa betri. Mafundi umeme wa leo wakiona + imefungwa kwenye bodi hudhani kosa, wakageuza. Usimwachie mtu akageuza.

MwanaTibirinzi
Shukran mzee. Taa inawaka muda wote, pointi zigusane ziachane. Nimezifuta, vile vile.

MzeeWaKikwajuni
Basi tumekaribia. Ndani ya distributa mna kijiwaya kifupi kinachotoka kwenye mguu wa nje kuingia kwenye pointi. Bamba la pointi huvutwa na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unapokanyaga mafuta, kijiwaya kinakunjwa kila siku, mwisho nyuzi zinakatika ndani na ngozi ya juu nzima. Kwa macho hukioni kosa.

Acha pointi zimeachana. Gusa testa kwenye mguu wa nje, kisha kwenye springi ya pointi. Ikiwaka mguuni, springini giza, ni hicho. Ikiwaka kote, zikutanishe pointi. Kama haizimi, kaangalie kijiwaya cha ethi cha bamba lenyewe.

MwanaTibirinzi
Mguuni inawaka, springini giza! Nimekivuta kidogo kikarefuka kama mpira. Nimeunga kipande cha waya wa umeme wa nyumba, Morris imewaka wallahi, jirani katoka kuuliza moshi wa nini.

KijanaWaKwerekwe
Haya, Starlet naiondoa.

MzeeWaKikwajuni
Huo wa nyumba usiuache, ni mgumu, hautafika mbali na bamba linavyocheza. Weka waya laini wa nyuzi nyingi, uupe ulegevu kidogo, lakini usiguse shafti. Na mwambie fundi akurejeshee koili yako ya zamani, nadhani ilikuwa nzima.