Trekta la kukatia nyasi linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, naombeni ushauri

Mtunza Viwanja
Wakuu, habari zenu. Natunza viwanja vya shule moja huku Kigamboni. Tuna trekta dogo la kukatia nyasi, lile la kukaa juu, injini ya petroli ya silinda moja yenye kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa). Wiki ya pili sasa linatoa moshi mweusi na kukohoa. Plagi nikiifungua ni nyeusi tii, masizi makavu. Nimenunua mpya Kariakoo, siku tatu tu ikawa vilevile. Fundi anataka tununue kabureta nzima. Masika ndiyo haya, nyasi ziko magotini na watoto wanarudi shule. Nianzie wapi?

Mtoto wa Gerezani
Pole mkuu. Plagi haina kosa, acha kuzinunua. Masizi makavu ni dalili kwamba petroli imezidi kwa hewa inayoingia. Angalia chujio la hewa. La sponji unaosha kwa sabuni, unakausha, unapaka oili kidogo. La karatasi halipakwi oili kamwe, likilowa hewa haipiti. Litoe, washa dakika moja tu, uone moshi.

Dada Spana
Na choki pia, ile inayobana hewa wakati wa kuwasha. Chungulia mdomo wa kabureta: ukirudisha mkono wa choki, kile kibati kinatakiwa kifunguke chote. Waya ukilegea kinabaki nusu.

Mtunza Viwanja
Chujio ni la karatasi, na kijana wetu alilipaka oili akidhani anasaidia. Nimelitoa, moshi umepungua ila haujaisha. Choki inafunguka yote.

Mzee wa Pugu
Kijana, kabla hujawasha tena, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, uinuse.

Mtunza Viwanja
Shikamoo mzee. Oili imepita alama ya juu na inanuka petroli!

Mzee wa Pugu
Marahaba. Basi usiwashe kabisa. Sindano ya kabureta, ile inayofunga njia ya petroli bakuli likijaa, haifungi. Trekta likilala, petroli inashuka yenyewe kutoka tangini, inajaza bakuli, inaingia kwenye silinda na kuteremka hadi kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi, utaua injini kwa ajili ya kitu kidogo kama punje ya mchele. Ingekuwa umelipeleka Njombe ningesema ni hewa nyepesi ya mlimani, lakini wewe uko usawa wa bahari.

Injini ikiwa ya baridi, mbali na moto, fungua bakuli la kabureta, inua floti, lile boya linalosukuma sindano ifunge, kwa kidole. Petroli ikiendelea kutiririka, ni sindano au siti yake, yaani pale inapokalia. Tazama pia floti isiwe imetoboka na kuingia mafuta. Jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, usizichokonoe kwa waya, tundu likipanuka utarudi hapa hapa.

Mtunza Viwanja
Nimeinua floti, petroli bado inatoka. Ncha ya sindano ina mkunjo kabisa.

Mzee wa Pugu
Nunua sindano na siti yake, pamoja na chujio jipya. Mwaga oili yote, weka mpya, ndipo uwashe. Na kila jioni funga koki ya mafuta. Kama halina, weka moja kwenye mpira wa petroli.

Dada Spana
Mkuu, ile sindano ya zamani nenda nayo dukani. Kwa macho zinafanana, urefu hautoshani.