Hivi "fine" ina maana ngapi jamani?

mtu_wa_keko: Wakuu habari za jioni. Nimemtumia bosi meseji ndefuu kumweleza kwa nini kesho sitoingia kazini, kanijibu "Fine." basi, na nukta yake. Nimezama kwenye kamusi nakuta nzuri, bora, laini, nyembamba, faini, ndo nikavurugwa kabisa. Amekubali au kanuna? Na kisawe chake hasa ni kipi?

dadaZai: Amekubali ila roho haijapenda 😂 ni ile "sawa" kavukavu. Angekuwa freshi angeandika hata "no problem". Shida ya fine visawe vyake vyenyewe haviivi chungu kimoja, "I'm fine" ni okay, mzima tu, ile tuliyokuwa tunaiimba shule "fine thank you teacher" hata kama una malaria, ila "a fine player" ni excellent, fundi wa mpira, sasa hapo ukiweka okay umeshamshusha mtu wa watu.

teja_wa_kamusi: Naongezea. Ikija kwenye vitu inabadilika tena. Fine sand ni mchanga laini, kinyume chake coarse. Fine thread uzi mwembamba, hapo kisawe ni thin. Fine print yale maandishi madogo kwenye mkataba wa mkopo ambayo hatusomagi mpaka yatukute. Halafu faini ya trafiki, wengi wanaweka penalty, sio mbaya ila penalty ni pana, hata kufungwa jela ni penalty, fine ni hela tu. Na zote hizo chimbuko lake moja, Kilatini finis, yani mwisho. Kitu kilichofika mwisho wa ubora kikaitwa fine, na faini ilianza kama hela ya kumaliza shauri. Finish, final, hadi finance ni ukoo huohuo.

soprano2: Weee ndo maana! Kwenye nota za kwaya kuna "D.C. al Fine", rudi mwanzo uimbe mpaka palipoandikwa Fine halafu unaishia hapo. Kitaliano hicho, kinasomwa fi-ne hivyohivyo kama Kiswahili, ukisema "fain" bezi wanakucheka wiki nzima.

mtu_wa_keko: Shukrani wakuu, nimeelewa. Sasa bosi nimjibuje?

dadaZai: Usimjibu. Keshokutwa wahi kabla yake.