Kikundi cha Familia ya Mzee Kondo: Sanje Jumamosi

[19:04] Dada Zai: Jamani, nasikia Sele na rafiki yake Daudi wanapanda maporomoko ya Sanje Jumamosi. Humu hakuna aliyesema kitu. Naweka mpango hapa, asije mtu akaniambia hakuona.

[19:06] Dada Zai: Kwanza njia. Basi la Ifakara likitoka Mikumi linaipita Sanje kabla ya Mang'ula. MSISHUKE SANJE. Makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa yako Mang'ula, ndiko mnakolipia na kupewa muongozaji, halafu mnarudi nyuma kilomita kama 9 mpaka inapoanzia njia. Anayeshuka Sanje akidhani kawahi, asubuhi yake imekwisha.

[19:07] Dada Zai: Na hifadhini hawapokei fedha taslimu. Mwenye kadi aibebe.

[19:11] Mudi: Daudi yule wa yeboyebo? 😂

[19:11] Mudi: yeye atafika juu, viatu vitakuwa vishashuka

[19:13] Sele: Dada, tumepanga wawili tu. Njia tunaijua.

[19:14] Dada Zai: Wawili ndiyo tatizo lenyewe. Mmoja akiteguka kifundo, mwenzake abaki naye au akaite msaada? Pamoja na muongozaji mnakuwa watatu: mmoja anakaa na aliyeumia, mmoja anashuka. Kwa hiyo muongozaji msimwache nyuma mkakimbilie picha. Tembo na nyati wamo mle.

[19:16] Mudi: Wa ile safari ya mlima Bondwa leo ndiye anayefundisha watu wasiachane njiani 👀

[19:16] Dada Zai: Mudi usianze.

[19:19] Sele: Yeboyebo anakuja nazo kweli, ila za kuvaa bwawani tu, mawe ya pale yana kona kali. Njiani ni viatu vya soli yenye meno. Nimemwambia avivae kazini wiki nzima, vipya vya dukani vitamchuna kisigino kabla ya saa moja kupita.

[19:20] Sele: Na akate kucha za miguu leo, siyo Ijumaa usiku, zikiwa mbichi zinauma. Kwenda ni mwinuko mkali, kurudi vidole vinagonga mbele hatua kwa hatua. Kupanda kamba unailegeza kidogo, kabla ya kushuka unaikaza pale kifundoni ili kisigino kikae nyuma.

[19:22] Dada Zai: Jinzi hapana. Ikilowa inakuwa nzito, haikauki, inachubua mapaja. Suruali nyepesi, uiingize ndani ya soksi. Mkikuta siafu wanakatiza, ruka mstari wote kwa mara moja, usisimame katikati kutazama.

[19:25] Mudi: Ukisimama utacheza ngoma ambayo hukualikwa

[19:31] Mama Mkubwa: Nani ana tochi yangu ya kichwani

[19:33] Sele: Shikamoo Mama Mkubwa. Sina mimi.

[19:34] Dada Zai: Tochi lazima, hata mkianza saa 2 asubuhi. Mzunguko wote ni kama saa 4 ukienda kawaida, lakini hamtaenda kawaida, mtaogelea. Sanje iko upande wa mashariki wa milima, jua linajificha nyuma ya mlima mapema, na chini ya miti giza huwa limeshaingia wakati barabarani bado kweupe. Saa 8 mchana muwe mmegeuka.

[19:36] Sele: Maji lita 3 kila mtu. Lita 1 kati ya hizo iwe na pakiti nzima ya ORS, tusikisie nusu nusu. Msitu ule una unyevu, jasho linachuruzika tu halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Ndiyo maana watu wanaishiwa nguvu hata kivulini. Tutakwenda kwa mwendo wa kuweza kuongea. Mkinyamaza wote, mnakwenda mbio.

[19:38] Mudi: Daudi hanyamazi, mtachukua siku 3

[19:40] Dada Zai: Nguo kavu mnazibeba kwenye nini? Rambo, mifuko ya plastiki, zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, msije kuaibishwa getini.

[19:41] Sele: Begi lisilopitisha maji ninalo. Simu na nguo za kubadili zinaingia humo.

[19:44] Dada Zai: Sasa penyewe. Maporomoko yana mita 170, yanashuka kwa ngazi 3. Bwawa la kuogelea msiruke kichwa kwanza, chini kuna magogo yanayohama kila masika, palipokuwa na kina mwaka jana leo pana gogo. Msisimame chini ya maji yanayoanguka, yanashuka na mawe. Na kule juu msisogelee ukingo. Jiwe jeusi linalong'aa lina utelezi hata kiangazi, manyunyu hayakauki. Kanyaga penye mizizi au jiwe kavu, fimbo itangulie.

[19:52] Shangazi Rukia: Nasoma tu. Hayo ya kutoachana yangesemwa Bondwa tusingefika tulipofika. Na tenti mpaka leo hakuna aliyeniambia iko wapi.

[19:53] Mudi: 🤐

[19:53] Dada Zai: Shangazi, tenti nilishaeleza.

[19:54] Shangazi Rukia: Ulimweleza nani?

[19:58] Mudi: Jamani mnajua yule nyani wa Sanje, anayeishi Udzungwa tu, wataalamu wamemjua mwaka 1979? Alikuwa kajificha vizuri kuliko tenti

[19:59] Mama Mkubwa: 😂😂

[20:17] Babu: Nimesoma. Siwakatazi. Sele, nisikilize. Mvua inaweza kunyesha huko juu mlimani na ninyi bwawani mnaota jua. Maji yakianza kuwa na tope, yakileta majani na vijiti, au mngurumo ukibadilika, toka hapohapo upande juu kando. Usirudie begi. Usirudie simu. Mto ukiwa umepanda usivuke, kaa ng'ambo mpaka ushuke, hata kama ni kulala huko. Na Zaituni na Rukia, la Bondwa mtakuja kulisema mbele yangu, siyo humu.

[20:31] Sele: Nimesikia Babu.

[20:32] Dada Zai: Sawa Babu. Shikamoo.

[20:50] Shangazi Rukia: Sawa Baba.

[22:36] Amina: Nimeona sasa hivi, tunaenda wapi? Kuna nafasi?

[22:38] Dada Zai: Amina soma juu. Sele, mnalala Mang'ula Ijumaa au mnaondoka Morogoro alfajiri? Alfajiri nakwambia hamfiki kwa wakati wa kupanda. Muunge na Daudi humu ayasome mwenyewe.

[22:47] Sele: Daudi kasema kikundi hapana 😅 nitamtumia ya Babu. Ruhusa ya Ijumaa bado hajapewa kazini. Huenda ikawa Jumapili.

[22:48] Mudi: Jumapili naweza. Yeboyebo ninazo.

[06:12] Dada Zai: Kwa hiyo nimtumie nani hela ya kulala Mang'ula, na ya usiku upi?